Mseto Usio na Choroko

Mseto ulijulikana jikoni zamani kabla haujafika gereji. Mpishi hutia mchele na choroko katika chungu kimoja, akavipika pamoja mpaka vikaiva. Akisahau choroko, kilichomo chunguni ni wali. Wali ni chakula chema, na mchele wa Kyela una sifa yake nchi nzima. Lakini hapana mlaji mwenye akili timamu atakayekubali kuuziwa wali kwa jina la mseto na kwa bei ya mseto. Jambo hili lililo wazi mezani halijawa wazi barabarani. Gari la mseto, lile la kuchomeka katika umeme, lasifiwa kwa usafi ambao aghalabu halina, kwa sababu mwenyewe hulijaza petroli na kusahau kulichomeka. Sifa hiyo yahitaji kupigwa msasa, na hapana mahali pafaapo kwa kazi hiyo kuliko mahali paitwapo Msasani.

Kwanza yafaa gari lenyewe lielezwe, maana watu wengi hulisema bila ya kulijua. Magari ya mseto yako ya namna mbili. La kwanza lina injini ya petroli na betri ndogo ijazwayo na injini hiyo hiyo pamoja na breki. Umeme wake wote, asili yake ikitafutwa, ni petroli. La pili lina betri kubwa zaidi na tundu la kuingizia waya, nalo laweza kupokea umeme wa nyumbani usiku likautumia mchana, kisha injini ikashika kazi umeme ukiisha. Hilo la pili ndilo lenye shauri. Mitsubishi Outlander PHEV, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, lilikuwa na betri ya uniti 12, uniti zile zile zinunuliwazo kwa LUKU, na kipimo cha Kijapani kililipa kilomita 60.2 za mwendo wa umeme mtupu. Toyota Prius PHV la mwaka 2012 lilikuwa na uniti 4.4 tu. Lililofuata mwaka 2017 lilipewa uniti 8.8 na kilomita 68.2. Hivyo ni vipimo vya maabara, na barabara haiheshimu maabara. Tanzania, nchi iendeshayo kushoto kama Japani, hununua huko magari mengi ya mtumba. Kwa hiyo gari lililokuwa jipya kule miaka kumi iliyopita huweza kufika huku likiwa na betri iliyokwisha kuchoka. Mnunuzi aijuaye hali hiyo atauliza juu ya betri kabla hajauliza juu ya rangi.

Makundi mawili hubishana juu ya gari hili, na yote mawili yamekosea. Kundi la kwanza ni la wapambe. Hawa husema kwamba mtu anunuapo gari la kuchomeka amekwisha kutenda wema, kana kwamba wema umo katika hati ya kununulia. Kundi la pili ni la wabezaji. Hawa husema kwamba gari lenye nishati mbili ni gari la mtu asiyejua atakalo, tena ni pambo la matajiri wa mijini lisilohusu watu wa nyanda za juu. Wapambe huona gari wasione mwendeshaji. Wabezaji humwona mwendeshaji wasione njia.

Wapambe wajibiwe kwanza. Mwezi Machi 2024 Kamisheni ya Ulaya ilitoa taarifa iliyotokana na kumbukumbu za matumizi ya mafuta zilizowekwa ndani ya magari yenyewe, magari yaliyosajiliwa mwaka 2021. Ilionekana kuwa magari ya petroli na dizeli hutoa hewa ya kaboni kupita kipimo cha maabara kwa sehemu moja ya tano hivi. Magari ya mseto ya kuchomeka yalikipita kipimo chake mara tatu na nusu. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa nyepesi kama unyoya: wenyewe hawakuyachomeka wala kuyaendesha kwa umeme kwa kadiri iliyodhaniwa. Ulaya ni bara lenye umeme usiku na mchana na vituo vya kuchaji katika maegesho ya magari, na bado watu walishindwa na kazi ya kuinama na kuchomeka waya. Uingereza iliyaondolea magari hayo ruzuku ya kununulia mwaka 2018, na mwaka huo huo zilitangazwa habari za magari ya makampuni yaliyorudishwa baada ya maelfu ya maili, nyaya zake za kuchajia zikiwa bado zimo katika mifuko. Waliyanunua kwa ajili ya ruzuku na kodi, wakayaendesha kwa ajili ya petroli.

Haifai kusema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Tabia ya mtu kufuata lililo rahisi haina pasipoti. Mwendeshaji wa Dar es Salaam au wa Mbeya akiona kituo cha mafuta kila baada ya kilomita chache, na soketi haioni popote, atafanya alilofanya mwenziwe wa Ulaya, tena kwa udhuru ulio bora zaidi. Gari lake litabeba betri nzito mlimani na mteremkoni bila ya kuitumia ipasavyo, kama mpagazi aliyebeba maji akapita mtoni na mzigo wake bila ya kunywa. Gari hilo kwa kweli ni la petroli lililoongezewa uzito, na anayeliita safi amekiuza kivuli cha mti badala ya matunda yake.

Wabezaji nao wana methali yao: mshika mbili moja humponyoka. Methali ni njema, lakini si kila aliye na mbili amezishika kwa pupa. Baharia wa mwambao huchukua tanga na upondo katika chombo kimoja. Upepo ukija hutweka tanga, na penye maji madogo hushika upondo, wala hapana mtu aliyemwita mwenye tamaa. Anayestahili kuchekwa ni yule aliye na tanga zima na upepo mwema, naye akatwa jasho akipiga upondo mchana kutwa. Mkulima wa Rungwe naye ana migomba karibu na nyumba na chai au kahawa kando yake. Ndizi humlisha na chai humpa fedha, na mwaka wa bei mbaya hafi njaa. Kushika viwili ni busara ikiwa mshikaji ajua wakati wa kila kimoja. Kosa haliko katika nishati kuwa mbili. Liko katika moja ya hizo mbili kukaa bure.

Sasa ije njia, maana hoja isiyopita njiani hubaki maneno. Tanzania ina Msasani zaidi ya moja. Iko Msasani ya Dar es Salaam, kando ya Bahari ya Hindi, ambako Mwalimu Nyerere alikuwa na nyumba yake. Iko pia Msasani ya Tukuyu, kata ya wilaya ya Rungwe, penye mvua nyingi na ukungu, chini ya mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,960 hivi. Mtu akisikia habari za safari ya pwani kwa gari la umeme na petroli, akili yake hukimbilia Msasani ya kwanza. Hapo ndipo kosa la fikra linapoanzia. Pwani kwa asili ya neno ni mahali pa kupwa maji, na ziwa halipwi na kujaa kama bahari. Lakini watu wa Tukuyu wana ufuko wao, nao ni ufuko wa Ziwa Nyasa huko Matema, chini ya milima ya Livingstone, mahali ambapo vyungu vya Wakisi huuzwa sokoni. Kati ya safari zote ambazo gari la kuchomeka laweza kufanya nchini, hii fupi ya kutoka Msasani ya Tukuyu mpaka Matema ndiyo iwezayo kulifundisha gari na mwenye gari.

Tukuyu iko kwenye kimo kipatacho mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Barabara huteremka kupita mashamba ya chai na migomba, hewa ikizidi joto kila baada ya kona chache, mpaka bonde la Kyela lenye kakao na mpunga. Kisha huachana na njia kuu huko Kikusya, ikapita Ipinda na kuishia Matema. Safari nzima haifiki kilomita 100. Kwa gari la petroli huo ni mteremko tu, na dereva mwangalifu hushika gia ndogo ili breki zisipate moto. Kwa gari la kuchomeka ni shamba la kuvuna, kwa kuwa mota yake huweza kugeuka jenereta wakati wa kupunguza mwendo, ikarudisha umeme katika betri.

Hesabu yake haihitaji profesa. Gari la kilo 1,800 likishuka mita 1,000 huachilia nishati ipatayo uniti 5. Haiwezekani kuivuna yote, maana upepo hudai fungu lake, na matairi, na joto la mitambo. Hata hivyo sehemu yake njema huweza kurudi. Hapa ndipo mpambe anapojikwaa. Mpambe hujaza betri yake pomoni huko Msasani, akapiga picha, akatangaza kwamba ameondoka na umeme kamili. Kisha huanza kuteremka, na mteremko ukamletea umeme wa bure asio na pa kuuweka, kwa sababu betri imejaa. Nishati iliyokuwa yake hupotea katika joto la breki na mngurumo wa injini. Mtu mwenye hekima angaliacha nafasi katika betri kabla ya kushuka, kama mwenye pipa anayelimwaga kidogo anapoona wingu la mvua.

La kurudi ni kubwa zaidi. Zile uniti 5 zilizoachiliwa wakati wa kushuka hazina budi kulipwa wakati wa kupanda, pamoja na gharama ya mwendo wenyewe. Gari lililofika ufukoni likakaa siku mbili bila kuchomekwa litapanda kwa petroli karibu njia yote. Kwa hiyo soketi ya Matema ina thamani kuliko soketi ya Tukuyu. Neno hili huwashangaza wote waliozoea kupanga mambo kutoka mji mkubwa kwenda mji mdogo, kutoka juu kwenda chini, kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Mlima una mpango wake, nao wasema: wekeni umeme mwanzo wa kupanda. Ni kweli kwamba betri ya uniti 12 haiwezi peke yake kulifikisha gari la namna hiyo Msasani kutoka Matema. Injini itaingia kazini mahali fulani mlimani. Ndiyo maana injini imo. Lakini iko tofauti kubwa kati ya injini inayomalizia kazi na injini inayofanya kazi yote.

Mbezaji atauliza kwa nini mtu wa Rungwe ajali haya, ilhali hana gari wala hafikirii kulinunua. Ajali kwa sababu ya njia ifuatwayo na fedha. Petroli ya Tukuyu hutoka ng'ambo kwa meli, ikapakiwa katika malori bandarini, ikasafiri zaidi ya kilomita 800, ikapanda Kitonga, ikapita Iringa, Makambako na Uyole, na lori lililoibeba likiunguza dizeli yake njia nzima. EWURA hutangaza kila mwezi bei za juu za mafuta kwa kila mji, na msomaji wa orodha hiyo huona jinsi bei ipandavyo kadiri mji ulivyo mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mtu wa mbali hulipa kwa ajili ya mafuta, akalipa tena kwa ajili ya umbali. Fedha hiyo hupita Tukuyu kama mgeni asiyelala.

Umeme una njia nyingine. Mvua inyeshayo mteremko wa kaskazini wa milima ya Poroto, jirani na Rungwe, huteremkia bonde la Usangu, ikaingia Ruaha Mkuu, ikazungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204, kisha ikafika Rufiji. Huko Rufiji bwawa la Julius Nyerere lilijengwa kwa mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umesogeza nyaya mpaka vijiji ambavyo wazee wake walizeekea katika mwanga wa kibatari. Nyaya zapita juu ya mapaa ya watu, na chini yake petroli yapita katika madumu. Mvua ya nyanda za juu yaendesha taa za mji wa bahari, ilhali gari la nyanda za juu lasubiri mafuta kutoka bahari hiyo hiyo. Anayeona jambo hilo kuwa la kawaida ameliona kwa muda mrefu mno hata ameacha kulitazama.

Mgeni akilala Matema na kuchomeka gari lake usiku, fedha iliyokuwa iende kituo cha mafuta huingia kwanza mkononi mwa mwenye nyumba ya wageni. Hapa wenye nyumba wana hofu, nayo ni hofu ya haki: mgeni mmoja aweza kumaliza uniti za nyumba nzima, friji ikazima na samaki wakaoza. Dawa ya hofu ni kipimo. Mita ndogo katika soketi ya maegesho huonyesha uniti zilizotumika, na mgeni hulipa bei ya LUKU pamoja na faida ya mwenyeji. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Soketi itoayo ampea 10 hutoa uniti 2.3 kwa saa, na betri ya uniti 12 hujaa kati ya saa za kulala na saa za kuamka. Haihitajiki mashine ya fahari. Yahitajika soketi madhubuti ya matundu matatu, yenye waya wa ardhi uliofungwa na fundi anayejua kazi yake, pamoja na plagi inayoingia humo. Maana waya uliokuja na gari kutoka Japani una plagi ya huko, na kuunganisha kienyeji kwa gundi na karatasi ni kualika moto.

Yasalia pingamizi moja lenye uzito, nalo ni mgao. Nchi haijasahau giza la miezi ya mwisho ya 2023 na mwanzo wa 2024. Mtu aweza kusema kwamba ni upuuzi kumwambia msafiri ategemee soketi katika nchi ambayo taa zake zimewahi kuzimika kwa zamu. Lakini pingamizi hili lamshinda aliyelileta. Gari la umeme mtupu likikuta giza Matema hukaa Matema. Gari la kuchomeka likikuta giza hurudi kwa petroli, na kesho yake likikuta mwanga hurudi kwa umeme. Kwa nchi iliyo katikati ya njia, chombo kilicho katikati ya njia kina hoja yake. Ila chombo hicho kisifanywe kituo cha mwisho, na wala mashaka ya umeme yasigeuzwe udhuru wa kutochomeka siku umeme ulipo. Mgao ulipokwisha, udhuru nao ulipaswa kwisha.

Kwa hiyo mambo manne yadaiwa, na kila moja lina mwenyewe wa kulitenda. Muuzaji wa gari la kuchomeka amwonyeshe mnunuzi waya na plagi yake, ampimie na betri mbele ya macho yake, kabla ya kutamka neno safi. Mwenye nyumba ya wageni, hasa yule wa ufukoni na wa chini ya mlima, afunge soketi moja yenye mita na kuandika bei yake ukutani, kama aandikavyo bei ya chumba. Serikali, ikitaka kuyapa magari haya nafuu yoyote ya ushuru, iambatanishe nafuu hiyo na uniti zilizochajiwa kweli, wala isiifunge katika jina la gari. Uingereza ilijifunza hilo baada ya kutoa fedha, na mwenye busara hujifunza kwa fedha ya mwenziwe. Na wasomi wanaoandika Kiswahili wakatae kuwa wapigaji ngoma wa maduka. Neno mseto ni mali ya lugha, na lugha ina haki ya kudai kwamba kila linaloitwa mseto liwe na vitu viwili chunguni.

Jambo hili la mwisho si dogo kama linavyoonekana. Jina la uongo hufanya madhara kuliko kitu kibaya chenye jina la kweli. Gari la petroli linaloitwa gari la petroli humkumbusha mwenyewe gharama yake kila anaposimama kituoni. Gari la petroli linaloitwa mseto humlaza usingizi, akadhani amekwisha kutimiza wajibu. Wanafunzi wa lugha hufunzwa kupima maana ya neno kwa matumizi yake. Na wapime basi gari hili kwa matumizi yake vile vile, kilomita kwa kilomita, kutoka kimo cha Msasani mpaka mchanga wa Matema na kurudi.

Wapambe na waendelee kusifu, kwa kuwa kusifu si haramu. Lakini atakayesema kwamba alikwenda ziwani na kurudi kwa gari safi asionyeshe picha za milima wala za maji. Aonyeshe risiti za LUKU.